Dunia ya Kwetu Si Nzito

Kemunto,

Kuanzia Suneka mpaka Magwagwa hakuna mzee anayeijua fizikia kunishinda. Niulize kitu chochote kinachopanda na kushuka, nitakwambia kwa nini kinapanda, kwa nini kinashuka, na kitatua kwenye kichwa cha nani.

Huo ni uongo. Ninajua hiyo ya kichwa tu, na ni kwa sababu ya avokado. Juzi uliona uvimbe kwenye paji langu ukaniuliza, nikasema nimegonga mlango. Mlango haukunifanya kitu. Nilikuwa nyuma ya jikoni narusha avokado juu, nione inasimamaje kabla ya kurudi. Nilikuwa bado naangalia pale iliposimama, kumbe yenyewe imemaliza kusimama kitambo. Mama yako aliona yote. Akasema, "Omogaka, hata nyani hukwepa." Ananiita mzee hivyo kwa Kigusii tangu nilipokuwa na nywele nyeusi, kwa hiyo sikuumia, isipokuwa hapo kwenye paji.

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kigoda, hapa jikoni. Nyinyi wawili mmeenda sokoni kutafuta ndoo na godoro, na mama yako atabishana na mwenye godoro mpaka mmoja wao akonde, kwa hiyo nina nafasi. Kesho asubuhi unaondoka. Mambo ya kufunga mlango, ya kula, ya Sabato, na ya wavulana wenye viatu vyeupe, hayo mama yako ameyaanza tangu Jumanne na hajafika katikati. Siwezi kuingilia kazi ya watu. Mimi nina jambo moja tu. Sijui nilianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na chura.

Unamkumbuka. Shangazi yako wa Suneka alikuletea ukiwa kidato cha tatu, nikamcheka kwamba anamletea msichana mkubwa kitu cha watoto wa chekechea. Kichura cha plastiki, kijani, tumboni springi, chini ya springi kikombe cha mpira kama kile cha kuzibulia sinki. Unambonyeza mpaka kikombe kinanasa kwenye kigoda, unamwachilia, naye anatulia. Anatulia sana. Unafikiri amekufa, unainama umchunguze, ndipo anakurukia puani. Nilicheka mpaka chai ikanitoka kwa njia isiyo yake.

Halafu siku moja ukaja na daftari ukasema, "Tata, huyu chura anaweza kupima jinsi dunia inavyovuta."

Nikakuuliza, "Dunia yote? Huyu ambaye jicho lake moja limebanduka?"

Ukanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha ndama kunywa maziwa kwa kidole. Ukijua chura amefika juu kiasi gani, na ukijua amekaa hewani muda gani tangu aruke mpaka atue, hesabu inakupa nguvu ya mvuto. Kitabu kinasema inakaribia kumi. Nikauliza kumi ya nini. Ukasema mita kwa sekunde kwa sekunde. Nikauliza kwa nini sekunde inatajwa mara mbili, ama mwandishi alisahau kwamba ameshaitaja? Ukasema ni kasi inayobadilika kila sekunde. Nikasema sawa. Haikuwa sawa, na mpaka leo sio sawa, lakini mzazi akishauliza mara tatu anaanza kuonekana ubongo wake umechacha.

Ukachora alama za chaki, sentimita kwa sentimita, kwenye ukuta huu wa jikoni, kuanzia kigodani kwenda juu, kwa futi uliyoazima kwa fundi cherehani. Ukagawa kazi. Wewe ungebonyeza chura na kushika muda kwa simu. Mimi ningechuchumaa, macho yawe sawa na alama, nikwambie amefika wapi kabla hajarudi. Ulisema hiyo ndiyo kazi ngumu, kwa sababu pale juu anakaa kitambo kidogo sana. Ulisema, "Tata, nakuamini wewe." Nami nikachuchumaa kama mfalme.

Sasa nakwambia kile ambacho sikukwambia. Sikuwa naona.

Macho yangu yalikuwa yameingia ukungu mwaka mzima kabla ya hapo. Chai nilikuwa namimina kando ya kikombe, nasema mkono umetetemeka. Nilimsalimia kwa heshima gunia lililoanikwa kwenye ua wa jirani, nikaliuliza watoto hawajambo. Kanisani nilishika kitabu cha nyimbo kichwa chini, na mzee wa kanisa akanigeuzia bila kusema neno, Mungu ambariki, maana angesema ningebisha. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu haoni pale tu anapokubali kwamba haoni. Kabla hajakubali bado anaona kiasi.

Kwa hiyo chura aliruka. Niliona kitu cha kijani kikitoka kigodani. Kisha niliona ukuta. Kisha nikamsikia akianguka, ta!

"Ngapi, Tata?"

Nikasema, "Tisini!"

Kwa nini tisini? Nimejiuliza miaka hii yote. Labda kwa sababu inasikika kama namba ya kushinda. Nakumbuka ulivyofurahi. Ukaandika. Ukabonyeza tena. Nikasema themanini na tisa, ili ionekane kuna mtu anayeangalia. Tisini na moja. Tisini. Tulimrusha mara arobaini, Kemunto, na mara arobaini nilisoma ukuta mtupu kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Jioni ile ulipiga hesabu ukakunja uso. "Tata, kitabu kinasema karibu kumi. Mimi napata kumi na nne nukta saba."

"Basi kitabu kimekosea."

"Una hakika ulisoma vizuri?"

"Unaniuliza mimi? Jicho hili linaona kunguni akipiga miayo! Waliandika kitabu hicho watu ambao hawajawahi kufika hapa. Wewe uko hapa. Nani anajua?"

Ulinitazama, ukalitazama daftari. Nilikuwa nangoja ucheke uniambie, mzee, toka hapo. Hukucheka. Uliamua kuniamini mimi, ukaacha kitabu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Juu ya asiye na macho lakini anasema anatazama, walinyamaza, labda kwa sababu walikuwa wengi.

Siku ya mashindano ya sayansi kule mjini nilivaa koti. Niliketi nyuma ukumbini na mfuko wa ndizi mbivu wa kukupongeza. Sikuona uso wako kwa mbali ile, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilisikia ukieleza, na sauti yako ilikuwa nzuri. Nilisikia jaji, yule mwenye sauti ya kukohoakohoa, akisema tumrushe hapa. Akaweka rula ndefu. Ta!

"Sitini," jaji akasema. "Wewe umeandika tisini."

"Nyumbani ilikuwa tisini, mwalimu."

"Na muda wako ni sekunde nukta saba. Kwa muda huo hawezi kufika tisini, labda kwenu huko Nyamira dunia inavuta mara moja na nusu ya hapa Kisii!"

Ukumbi ukalipuka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndiyo maana ni wafupi!" Wakacheka tena.

Jaji akangoja wanyamaze. Kisha akauliza, bila ubaya, "Nani alisoma urefu?"

Nilisimama, binti yangu. Hiyo nataka uijue. Mfuko wa ndizi ulianguka na mimi nikasimama. Nilikuwa na maneno mdomoni: ni mimi, mwalimu, mimi baba yake, sioni.

Ndipo nikakusikia ukisema, "Mimi. Nilisoma mwenyewe."

Nami nikageuka nikatoka nje. Aliyenipisha mlangoni nilimwambia natafuta choo.

Wakakuita Dunia Nzito mpaka ulipomaliza kidato cha nne. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana hukunilaumu kwa sababu ulifikiri kosa lilikuwa kwenye muda. Nilikusikia ukimwambia mama yako, hapa hapa jikoni: "Tata alisoma vizuri. Ni mimi nilichelewa kubonyeza simu. Mikono yangu haifai vipimo." Nilikuwa nje nafunga mbuzi. Nilimfunga mbuzi yule mafundo manne.

Na kesho unaenda chuo Nakuru kusomea usimamizi wa ofisi. Sisemi ofisi ni mbaya. Ofisi ina kiti na kivuli. Lakini fomu ilipokuja, mwalimu wako wa fizikia alikusihi, nawe ukasema, "Mambo ya kupima sio yangu." Mama yako alinitazama juu ya sufuria. Yeye alijua habari ya macho yangu tangu siku ya gunia. Ulipotoka akaniambia, "Omogaka, mtoto atabeba mzigo wako mpaka wapi?" Nikamwambia uji unaungua. Ulikuwa haujaungua.

Mwaka jana wale madaktari wa macho walipokuja kupiga kambi kanisani wakanisafisha jicho la kulia (niliwaambia nyinyi ukungu ulikuwa wa juzi tu), mlifikiri mimi, bendeji ikitoka, nitataka kwanza kuona uso wa mke wangu. Niliuona, ndiyo. Nikamwambia amezeeka, naye akasema karibu nyumbani. Lakini mlipoenda kuchuma chai nilimtafuta chura. Alikuwa kwenye mkebe wa chumvi juu ya kabati. Nikamweka kigodani, nikambonyeza, nikachuchumaa mbele ya alama zako za chaki. Mama yako amekuwa akitaka kuukandika ukuta huu upya tangu Krismasi ya mwaka ule wa chura, nami namzuia. Anafikiri ni uvivu. Pia ni uvivu.

Sitini. Nikamrusha tena. Hamsini na nane. Sitini na moja. Sitini. Sikuona tisini hata mara moja. Nilikaa chini sakafuni.

Halafu nikachukua daftari lako. Mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita nililimaliza kwa kuruka dirishani, kwa hiyo usicheke. Hesabu ulikuwa umeiandika: zidisha urefu kwa nane, gawa kwa muda mara muda. Muda nilichukua wako, sekunde nukta saba, ule ule ambao uliukana. Urefu nikaweka wa kweli, nukta sita ya mita. Nilipiga hesabu kwa makaa nyuma ya mlango huu wa jikoni siku mbili nzima. Siku ya kwanza nilipata mia nne na kitu, nikajua dunia ingekuwa inavuta hivyo tungekuwa chapati. Siku ya pili nukta ilikaa mahali pake.

Tisa nukta saba, na nyingine tisa nyuma yake.

Kemunto, dunia ya kwetu si nzito. Inavuta kama ya wengine wote. Na mkono wako haukuchelewa. Ulimkamata chura akiondoka na ukamkamata akitua, mara arobaini. Kitu pekee kilichokosea jikoni humu kilikuwa kimechuchumaa kikisema tisini.

Sasa sikiliza kinachonichanganya, maana hesabu ilikubali lakini kichwa bado.

Nilipokuwa kijana nilikuwa namchumia chai baba yangu mdogo, upande wa Itumbe. Kwenye kituo cha kuuzia chai mfuko unatundikwa kwenye ndoano ya mizani, ile ya duara yenye springi ndani, na sindano inaonyesha kilo. Nikagundua kwamba ukiutundika mfuko kwa kuuangusha kidogo, sindano inaruka mbele, inasimama kitambo, ndipo irudi. Nami nikawa naisoma pale pale iliposimama: "Ishirini na sita, karani!" Karani alikuwa mtu wa usingizi, akaandika. Nilifanya hivyo wiki kadhaa, nikajiona profesa. Kisha akaja karani mpya, mama mmoja mnene mpole. Nikaangusha mfuko, nikapiga kelele ishirini na sita. Yeye akaweka mkono chini ya mfuko akautuliza, kama unavyomtuliza mtoto anayelia. Akasema, "Kaka, chai haina haraka. Ikitulia tutaongea." Ikatulia kwenye kumi na tisa. Wanawake waliopanga foleni waliniita Ishirini na Sita msimu mzima. Hata ng'ombe wao nadhani waliniita hivyo.

Kwa hiyo nilijua, unaona? Nilijua jinsi mtu anavyobeba jina la namba. Na bado nikakuacha ukabeba la kwako.

Lakini sio hilo tu. Kwenye mizani, pale sindano inaposimama mwisho wa kuruka, ni uongo, ukweli ni pale inapotulia. Kwenye chura, pale anaposimama mwisho wa kuruka, ndilo jibu, na pale anapotulia, kigodani, hakuna kitu cha kusoma. Vyote viwili ni springi. Vyote viwili vinasimama kitambo. Sasa mtu wa darasa la sita afanye nini? Asome akiwa juu ama angoje atulie? Nimekaa na swali hili kama mtu aliyefungiwa na kuku.

Na kuna lile jingine. Nilikuuliza wakati ule, "Akifika pale juu akasimama, mvuto umeenda wapi?" Ukasema, "Haujaenda popote, Tata. Kasi ndiyo sufuri. Mvuto uko pale pale, unamvuta vilevile." Nikasema haiwezekani, kitu kinachovutwa hakisimami. Ukasema hasimami kwa kukaa, anasimama kwa kupita. Ndiyo maana narusha avokado. Nataka kuuona huo mvuto ukifanya kazi wakati hakuna kinachosogea. Sijauona. Nimeuona ukinifanyia kazi kwenye paji tu.

Lakini usiku mwingine nafikiria ule ukumbi. Niliposimama pale nyuma sikuwa nimeenda mbele na sikuwa nimeenda mlangoni. Kama ungenipima, ungesema kasi sufuri. Mtu angeniona angesema, huyu mzee amesimama kumtetea mtoto wake. Kumbe kitu kilikuwa kinanivuta tayari. Sijui kama hiyo ni fizikia. Usiiandike kwenye mtihani.

Sijui pia kwa nini sikukwambia mara tu jicho lilipopona. Nilikuwa na jibu nyuma ya mlango, la makaa, na mlango ule ukishinda wazi ulilificha ukutani, na usiku ulipoufunga kutoka nje nilitazama kando. Chura ukimbonyeza anakaa muda wake, hakuna anayejua ataruka lini. Mimi nimekaa zaidi yake. Labda kikombe changu kimenata sana.

Sikuombi ubadilishe kozi. Mama yako amesikia kwa mtu kwamba wiki za kwanza huwa wanaruhusu watu kubadilisha, lakini mama yako pia alisikia kwamba mimi ni mume mzuri, kwa hiyo uliza mwenyewe. Ukipenda ofisi, nenda kakae ofisini mpaka kiti kipate umbo lako. Ninachokataa ni wewe kwenda huko ukiukimbia mkono wako mwenyewe, na mkono hauna kosa. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka kuniita Tisini mbele ya watu, nitaitika. Nina mazoea.

Nyuma ya mlango sijafuta. Ufunge ukiwa ndani, utaona. Ile ya mia nne na kitu iko juu, ya kweli iko chini, na katikati nilichora ng'ombe kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Sasa kuna deni dogo, na wewe ndiwe mdaiwa. Siku ile, nilipolalamika kwamba magoti yanauma kwa kuchuchumaa, ulisema, "Vumilia, Tata. Tukimaliza arobaini, ya arobaini na moja utabonyeza wewe, mimi nitasoma." Tukamaliza arobaini, ukakimbilia hesabu, na sikupata zamu yangu. Nimengoja. Kwa hiyo kesho, kabla boda boda haijafika, hata kama hutaki kuongea na mimi, pitia jikoni. Kigoda kitakuwa pale ukutani na chura atakuwa juu yake. Mimi nitabonyeza. Wewe chuchumaa, usome, useme kwa sauti namba uliyoiona, hata ikiwa ndogo.

Baba yako,
aliyesoma tisini.